Nani Anapima Dawa Tunayomeza?

Mhadhara kwa wakaaji wa Katoto, Kamina, jimbo la Haut-Lomami



Mwezi wa Desemba 2014, huko Ituri, watoto walianza kufikishwa kwenye vituo vya afya wakiwa shingo zimepinda, macho yamegeuka juu, ndimi zimetoka nje na hazirudi. Waliowapokea walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Dhana hiyo ilikuwa ya haki kabisa, maana dalili zinafanana, na ugonjwa huo unaua haraka. Wakachoma sindano za mgongo, wakatoa maji, wakayapima. Maji yalikuwa safi. Wagonjwa wakaendelea kuja, wiki baada ya wiki. Kufikia Agosti 2015 waliolazwa walikuwa wamepita 1,000, wengi wao watoto, na 11 walikuwa wamefariki.

Kilichowaangusha ni kidonge kidogo cha manjano. Kopo lake liliandikwa diazepamu, dawa ambayo wauguzi wote hapa wanaijua, ya kutuliza degedege na kuleta usingizi. Ndani ya kopo hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa kipimo ambacho mwili wa mtoto hauwezi kukistahimili. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa mataifa mwezi wa Julai 2015. Hesabuni wenyewe: kutoka mgonjwa wa kwanza hadi tahadhari ile ilipita miezi 7. Katika miezi hiyo 7 mtoto alikuwa anaweza kuletwa ameugua kwa sababu ya kidonge, akatulizwa, kisha akarudishwa nyumbani na kidonge kilekile.

Nimechagua kuanza na Ituri kwa sababu hakuna aliyekosa adabu ya kazi kule. Muuguzi alisoma kopo, akatoa dawa iliyoandikwa. Mama alifuata maelezo. Kosa lilikuwa limekwisha kutendeka mbali sana, na kati ya kiwanda na mdomo wa mtoto hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kufungua kopo na kuuliza kama kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani. Mtu huyo ndiye mada yangu leo. Nitasema pia kwamba bila yeye hatutapata viwanda vyetu vya dawa, hata tukivililia namna gani.

Tuliangalie kopo lenyewe kwa karibu. Ni la plastiki nyeupe, lina vidonge 1,000, na juu ya vidonge limewekwa pamba. Ubavuni kuna karatasi, na kwenye karatasi ile kuna jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, jina la kiwanda na nchi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kwisha, na namba moja ambayo wengi wetu tunaipita bila kuitazama: namba ya toleo. Namba hiyo inaonyesha vidonge hivi vilipikwa siku gani, pamoja na vipi, katika mashine ipi. Dawa ikiharibika, kiwanda na serikali hutafuta kwa namba hiyo, kisha huzirudisha zote zilizo ndugu zake, popote zilipofika duniani.

Sasa mama anafika dirishani. Muuguzi anamimina vidonge kwenye sahani, anavihesabu vitanovitano kwa ncha ya kisu au ya kalamu, anavitia katika sashe ya plastiki, pengine anaandika 2 × 3. Mama anaiweka kwenye kona ya kitenge. Tangu dakika ile dawa haina kiwanda, haina tarehe, haina namba. Mtoto akipata shida usiku, kinachorudishwa kwa muuguzi ni sashe isiyosema kitu, na kopo huenda limekwisha zamani, limeoshwa, limewekwa chumvi jikoni. Kule Ituri walitakiwa kurudi nyuma kutoka mgonjwa hadi kopo, na njia hiyo ilikuwa imefutika. Kuandika namba ya toleo kwenye sashe kunachukua sekunde chache na wino kidogo. Hakuna sheria inayongojewa ili jambo hilo lianze.

Kwa nini dawa ichungwe kuliko bidhaa nyingine? Mama anayenunua unga sokoni anaiona meka: anaona imejaa au imepunguzwa, anashika unga, anaunusa, na kesho hamrudii aliyemdanganya. Kwa dawa macho hayo hayasaidii. Kidonge chenye dawa na kidonge cha chokaa vinafanana. Mgonjwa akipona, huenda mwili umejiponya. Akifa, tunasema malaria ilikuwa kali. Muuzaji mwenyewe hajui. Ndiyo maana sehemu zote duniani ambako dawa zinaaminika kuna mtu wa tatu, asiyeuza wala kununua, mwenye maabara na mwenye nguvu ya kufunga mlango.

Nchi nyingi zimempata mtu huyo baada ya msiba. Marekani, mwaka 1937, kampuni moja iliyeyusha dawa katika dayethilini glikoli, kimiminika kitamu chenye sumu, ikaiuza kama sharubati. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Sheria ya wakati ule haikumlazimu mtengenezaji kuonyesha kwamba dawa yake haiui. Mwaka uliofuata ilibadilishwa. Na bado sumu hiyohiyo ilirudi mwaka 2022 kule Gambia, ndani ya sharubati za kikohozi zilizotoka India, na watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi. Miaka 85 imepita katikati. Ujuzi wa kuitambua sumu hiyo ulikuwepo muda wote. Gambia haikuwa na maabara ya kupima dawa zinazoingia.

Na sisi? Uuzaji wa dawa katika Kongo uliwekewa kanuni na amri ya wakoloni ya mwaka 1933, na amri hiyo ilibaki msingi wa kazi miongo mingi baada ya uhuru. Mwaka 2002 ukapangwa mfumo wa taifa wa kununua na kusambaza dawa muhimu, wenye shirikisho la kununua kwa pamoja, FEDECAME, na bohari za mikoa, kama CAMELU ya Lubumbashi. Desemba 2018 ikatoka sheria mpya ya afya ya umma. Mwaka 2020 ikaundwa ACOREP, mamlaka ya Kongo ya kusimamia dawa, mahali pa kurugenzi iliyokuwa ndani ya wizara. Kazi yake ni kusajili kila dawa kabla haijauzwa, kutoa ruhusa za kuingiza, kukagua viwanda, bohari na maduka, na kufuatilia madhara. Kuundwa kwake ni jambo jema, nalisema kwa moyo wote. Lakini sheria imeandikwa Kinshasa, na dawa inapita mpakani, Kasumbalesa.

Angalieni njia yake. Dawa nyingi tunazotumia zimetengenezwa India au China. Zinashuka bandarini, zinapanda malori, zinaingia kwa mpaka wa Zambia, zinafika Lubumbashi. Pale njia inagawanyika. Moja inapita bohari, inakuja na hati, inafika kwa daktari mkuu wa zoni. Nyingine inapita kwa wauzaji wa jumla, inafungwa ndani ya maboksi pamoja na sabuni na betri, inapanda behewa la SNCC, na hapa Kamina, ambapo reli zinakutana, inagawanywa tena: ya Kabalo na ya upande wa Kasai; ya Bukama imekwisha kushuka njiani, iende kwa mashua hadi vijiji vya mto. Njia ya pili ndiyo yenye kasi. Bohari ikiishiwa, zoni inangoja. Muuzaji wa sokoni hangoji, anatuma pesa na boksi linakuja. Ndiyo maana sikuja kuwatukana wauzaji. Usiku wa manane, mtoto ana joto na kituo kimefungwa, mlango unaofunguliwa ni wa kwao.

Tena dawa nzuri nayo inaweza kufika imekufa. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kuzaa, inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Wote tunajua treni inavyoweza kukaa njiani siku nyingi, na joto la behewa la bati wakati wa kiangazi. Chupa inafika ikiwa na karatasi yake yote, jina sahihi, tarehe haijapita, na ndani nguvu imepungua. Mkunga anachoma, damu haikomi, anachoma tena. Mhalifu wa kumkamata hapo hayupo. Kuna safari ambayo hakuna aliyeipima joto lake.

Sasa nije kwenye viwanda, kwa sababu kila ninapoongea habari hizi kijana mmoja husimama na kuuliza: kwa nini tusitengeneze zetu? Swali ni zuri, na jibu lake lina historia ndani ya nchi yetu wenyewe.

Bukavu kuna kiwanda kinachoitwa Pharmakina. Msingi wake ni mti wa kwinini, ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini na kukubali vizuri milima ya Kivu. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, dunia ilipoteza chanzo chake kikuu cha kwinini katikati ya vita, na mashamba ya Kivu yakapata thamani kubwa. Baadaye kiwanda kilikuwa mikononi mwa kampuni ya Ujerumani, Boehringer Mannheim. Mwaka 1999, Kongo ikiwa vitani, mameneja wake wawili, Mjerumani na Mfaransa, walikinunua badala ya kukiacha kife. Halafu akaja mwanamke mmoja kutoka Thailand, mfamasia Krisana Kraisintu. Mwaka 1995 alikuwa ameongoza utengenezaji wa dawa ya UKIMWI ya bei nafuu nchini mwake. Mwaka 2002 akaacha kazi ya serikali na kuja Afrika. Alikubali kufanya kazi Bukavu wakati risasi zilikuwa hazijanyamaza. Mwaka 2004 mji ule ulitekwa na waasi. Mwaka 2005 Pharmakina ikatoa Afri-vir, kidonge kimoja chenye dawa tatu za kupunguza makali ya virusi. Kimetengenezwa Kongo, na Wakongo, katika mji ambao wengi walidhani hauwezi kutengeneza kitu chochote. Naomba vijana walishike jambo hilo. Uwezo wa mikono na akili tunao, umekwisha kuonekana.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Mashirika makubwa yanayolipia dawa za UKIMWI na malaria Afrika hununua kwa viwanda vilivyokaguliwa na kupitishwa na Shirika la Afya Duniani, au na mamlaka zinazotambulika kuwa kali. Kiwanda kilichoko katika nchi ambayo mkaguzi wake hajulikani kinabeba mzigo huo peke yake, na mzigo ni mkubwa: maji yaliyosafishwa mara kadhaa, umeme usiokatika, maabara ya ndani, kumbukumbu za kila toleo. Kisha kinatoka sokoni kukutana na kopo lisilo na gharama hizo hata moja. Anayefanya kazi kwa uaminifu anauza kwa hasara, anayedanganya anapata faida. Soko la namna hiyo linaua viwanda vizuri kwanza.

Na sayansi haingoji mtu. Utafiti wa AQUAMAT, uliotangazwa mwaka 2010, ulifuata watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo. Waliopewa artesunati walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini, asilimia 10.9. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri artesunati ichukue nafasi ya kwinini kwa watoto. Kwa watoto ni habari ya furaha. Kwa nchi yenye mashamba ya kwinini ni onyo: asiyekuwa na watafiti na mkaguzi wake mwenyewe hupata habari ya soko lake kupotea wakati limekwisha kupotea.

Majirani wameonyesha njia nyingine. Uganda iliunda mamlaka yake ya dawa kwa sheria ya mwaka 1993. Kiwanda cha Quality Chemical, Luzira, nje kidogo ya katikati ya Kampala, kilianza kazi mwaka 2007 kwa ushirikiano na Cipla ya India, na mwaka 2010 kikapitishwa na Shirika la Afya Duniani. Kinatengeneza dawa za malaria na UKIMWI zinazovuka mipaka. Kenya, kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu kilifika hatua ya kuuza dawa ya UKIMWI kwa Mfuko wa Dunia, mmojawapo wa walipaji wakubwa niliowataja. Mwaka 2025 mzigo wake ulipelekwa Msumbiji, wa kutosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka. Tazameni nafasi ya miaka kati ya mamlaka na kiwanda nchini Uganda: 14. Mkaguzi alitangulia.

Tanzania imefanya jambo ambalo kwa Katoto naliona la karibu zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Kule vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kwa sheria yalitakiwa kuuza dawa za kawaida tu, za kichwa na za mafua. Kwa kweli yaliuza antibiotiki na kila kitu, maana wagonjwa waliziomba na farmasi hazikuwepo. Serikali ingeweza kuendelea kuwafukuza watu hao miaka 50. Mwaka 2003, katika mkoa wa Ruvuma, ilianza njia tofauti. Wauzaji waliandikishwa, wakafundishwa wiki kadhaa, wakafanya mtihani. Duka likatakiwa kuwa na ukuta, dari, rafu, kabati lenye kufuli. Aliyetimiza aliruhusiwa kuuza orodha ya dawa muhimu, zikiwamo antibiotiki kadhaa, kwa sharti azinunue kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa na aandike kila alichokiuza. Wakaguzi walichaguliwa hadi ngazi ya kata, watu wanaofika dukani kwa miguu. Maduka hayo yanaitwa Duka la Dawa Muhimu, na yameenea nchi nzima, kwa maelfu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua mamlaka ya Tanzania kuwa imefika ngazi ya tatu ya ukomavu, ya kwanza Afrika.

Nimeisoma habari hiyo kwa wivu, nakiri. Wivu wa kutaka na sisi tupate. Tangu mwaka 2022 sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo imekuwa ikiunganisha usajili wa dawa tangu mwaka 2012. Hakuna sababu Wakongo wasiende Dodoma, na Songea kule Ruvuma, kujifunza, tena kwa Kiswahili, bila mkalimani.

Najua mtakaloniambia, maana nimeambiwa mara nyingi. Baba mmoja atasema: mkaguzi mpya ni mkono mpya unaotaka kupewa. Muuzaji wa Kamina anakutana na ushuru, ofisi ya udhibiti, usafi, kodi ya mji, na kila mmoja ana karatasi yake. Malalamiko hayo ni ya kweli, na mtu anayetetea ukaguzi bila kuyajibu hapaswi kusikilizwa. Jibu langu ni kwamba ukaguzi wa dawa uwe wa wazi: ada ilipwe benki, matokeo yaandikwe na kubandikwa mlangoni mwa duka, jina la mkaguzi likiwa chini yake, na kamati ya afya ya mtaa ipate nakala. Mkaguzi anayeandika jina lake mahali ambapo mama wote wanapita atafikiri mara mbili kabla ya kupokea bahasha.

Mama mwingine atasema: bei itapanda. Kwa baadhi ya dawa, ndiyo, itapanda. Lakini aliyenunua vidonge vya malaria visivyo na dawa ndani amenunua mara mbili: kwanza vile, kisha serumu na kitanda cha hospitali mtoto alipozidiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni mbovu au ya bandia. Pesa za dawa hiyo moja zinatoka kwenye malupango yetu.

Jimbo haliwezi kusajili dawa. Hiyo ni kazi ya Kinshasa. Linaweza kupima. Kuna maabara ndogo inayobebwa katika masanduku, inaitwa Minilab, iliyobuniwa na taasisi moja ya Ujerumani miaka ya 1990. Kidonge kinasagwa, kinayeyushwa, tone linawekwa kwenye bamba jembamba, na kwa kulinganisha madoa unajua kama dawa iliyoandikwa imo, na kama imo kwa kiasi kinachokaribia. Haifikii maabara kubwa. Kopo la Ituri lingekamatwa nayo. Tanzania imeyaweka masanduku hayo mikoani na vituo vya mipaka. Sisi mahali pake ni stesheni, kwa sababu ndipo maboksi yanapofunguliwa na kugawanywa, na watu wa kuyatumia wanasomeshwa Lubumbashi kila mwaka katika kitivo cha famasia cha chuo kikuu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa majina yake. Waheshimiwa wa Bunge la Jimbo, wekeni fungu la Minilab na la mfamasia wa kuisimamia katika bajeti ijayo, na iombeni ACOREP impe mfamasia huyo mamlaka ya kuzuia mzigo hadi majibu yatoke. Na ninyi wauzaji mliokuja, daktari mkuu wa zoni amekubali kupokea majina yenu bila faini na bila kumfungia mtu, na daftari liko mezani hapa mbele. Andikeni jina, mahali pa duka, na mnanunua kwa nani Lubumbashi.